Kuonyesha prestini katika koklea ya panya kwa kingamwili: mwongozo kamili kutoka mfupa hadi picha

Prestini ni protini ya utando wa seli katika koklea, sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la kikonokono inayopokea sauti. Picha ninazoletewa na watu walioshindwa kuionyesha kwa kingamwili, yaani protini inayoshika protini lengwa, huwa za aina mbili. Ya kwanza ni nyeusi tupu. Ya pili inang'aa kila mahali, hata kwenye chembe nyekundu za damu zilizosalia kandokando. Wenye picha hizo karibu wote huilaumu kingamwili na kutaka kuagiza nyingine. Tukirudi nyuma pamoja hatua kwa hatua, mara nyingi hugundulika kwamba kingamwili haina kosa: ama haikuifikia protini, ama ilifika na hakukuwa na kidhibiti chochote (sampuli ya kulinganishia) ambacho kingeonyesha kama inasema kweli.

Nimeichagua prestini kwa sababu moja ya kiutendaji. Katika koklea, protini hii hupatikana katika seli za vinyweleo za nje, ilhali seli za vinyweleo za ndani, zilizo jirani kabisa katika kipande kilekile, hubaki bila alama. Kwa hiyo kila picha hubeba kidhibiti chake. Atakayeimudu prestini hatapata shida kubwa kuhamia protini nyingine za sikio la ndani, kama otoferlini au miosini 7a, kwa kubadilisha mambo machache.

Mwongozo huu unahusu koklea nzima ya panya mdogo wa maabara, Mus musculus, inayotandazwa juu ya slaidi bila kukatwa tabaka nyembamba. Kazi hii hufanywa kwa wanyama walioidhinishwa na kamati ya maadili ya taasisi husika.

Vifaa na kemikali

Andaa vyote kabla ya kugusa mnyama. Sikio la ndani huharibika haraka baada ya kifo, na dakika zinazopotea kutafuta pipeti haziwezi kurudishwa.

- Hadubini ya kupasulia yenye mwanga wa pembeni, forsepu mbili zenye ncha kali aina ya namba 5, makasi madogo ya springi, na wembe mwembamba uliovunjwa vipande.
- Parafomaldehaidi, dawa ya kukaza tishu (kuihifadhi isiharibike), ya asilimia 4 katika PBS (maji ya chumvi yenye bufa ya fosfati), iliyotengenezwa siku hiyohiyo. Ukianza na ampuli ya asilimia 16 isiyo na methanoli, sehemu moja huchanganywa na sehemu tatu za PBS.
- EDTA, kemikali ya kutoa kalsiamu kwenye mfupa, ya molari 0.12, yenye pH 7.4. Kwa chumvi ya disodiamu yenye molekuli mbili za maji, hiyo ni takribani gramu 44.7 kwa lita.
- PBS ya kutosha, Triton X-100 (sabuni ya kufungua tando za seli), na seramu ya kawaida ya punda.
- Sukrosi ya asilimia 30 katika PBS, pamoja na barafu kavu.
- Kingamwili ya kwanza dhidi ya prestini, na kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza, iliyobandikwa rangi inayochochewa na mwanga wa nanomita 488.
- Faloidini yenye rangi nyekundu kwa ajili ya aktini (protini ya nyuzi iliyojaa katika vinyweleo), na DAPI kwa ajili ya viini vya seli.
- Sahani ya visima 24 au 48, slaidi, vioo vya kufunikia vyenye unene wa milimita 0.17, na kimiminika cha kufungia slaidi.
- Hadubini ya konfoko yenye lenzi ya mafuta ya 60 au 63.

EDTA huwasumbua wengi tangu mwanzo kwa sababu unga wake hukaa chini ya chupa bila kuyeyuka. Ongeza hidroksidi ya sodiamu kidogokidogo hadi pH ikaribie 8, nao utayeyuka wenyewe. Baada ya hapo ishushe pH hadi 7.4 kwa asidi ya hidrokloriki.

Parafomaldehaidi ni sumu na huwasha macho na mapafu. Itumie ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, ukiwa umevaa glovu. Faloidini nayo ni sumu ya uyoga, kwa hiyo usiichukulie kama rangi ya kawaida.

Hatua ya 1: Chagua kingamwili kwa kusoma karatasi yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, ingawa haihitaji hata tone la kemikali. Karatasi ya maelezo inayokuja na kingamwili ina mambo manne ya kusoma kwa makini.

La kwanza ni sehemu ya protini iliyotumika kumchanja mnyama. Prestini ya binadamu ina asidi amino 744, na ncha zake zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, zimo ndani ya seli. Maana yake ni kwamba kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya ncha yoyote kati ya hizo haiwezi kushika kitu kwenye seli ambayo utando wake haujafunguliwa. Mtu aliyepunguza Triton kwa kuhofia kuharibu tishu ameifungia kingamwili mlango.

La pili ni ufanano na protini za ukoo. Prestini ni mwanachama wa tano wa familia ya SLC26, na nduguye wa nne, pendrini, naye anaishi katika sikio la ndani, hasa katika baadhi ya seli za ukuta wa pembeni na za mfereji wa nje ulio ndani ya koklea (si tundu la sikio). Chukua mfuatano wa asidi amino uliotumika kuchanjia, ulinganishe na ule wa pendrini katika hifadhidata yoyote ya protini. Ikiwa sehemu kubwa inafanana, jiandae kuona mwanga mahali usipotarajiwa, na usije ukautangaza kuwa ugunduzi.

La tatu ni mnyama aliyetengeneza kingamwili. Kwa tishu ya panya, epuka kingamwili iliyotoka kwa panya ikiwa una chaguo, kwa sababu kingamwili ya pili itashika pia kingamwili za mwenyewe zilizobaki katika mishipa ya damu. Ya sungura ni rahisi zaidi. Ya mbuzi pia hufaa, ila ina mtego wake: ukitumia seramu ya mbuzi kuzibia (kujaza sehemu zinazonata ovyo, Hatua ya 6), au kingamwili ya pili iliyotengenezwa ndani ya mbuzi, kila kitu kitavurugika. Zaidi ya hayo, kingamwili ya pili inayolenga mbuzi huweza kuzishika kingamwili za ng'ombe, kwa hiyo maziwa ya unga na albumini ya ng'ombe isiyo safi si vya kuzibia katika jaribio hilo. Mimi niliwahi kupoteza majuma matatu kwa kosa la seramu ya mbuzi, na picha zote zilikuwa kijani kibichi kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo sababu seramu ya punda imo katika orodha yangu.

La nne ni matumizi yaliyojaribiwa. Kingamwili iliyofaulu katika protini iliyonyooshwa kwa sabuni kali inaweza kushindwa kabisa katika tishu iliyokazwa, kwa kuwa umbo linalotambuliwa si lilelile. Neno "inafaa" bila kutajwa kwa njia iliyotumika halina maana.

Kingamwili ikifika, andika namba ya toleo lake, igawe katika vijichupa vya mikrolita 5 hadi 10, na uviweke kwenye friza kama karatasi inavyoelekeza. Kila kijichupa kiyeyushwe mara moja tu. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huifanya igandamane, na mabonge hayo huonekana kwenye picha kama nukta kali zilizotapakaa ovyo.

Hatua ya 2: Chagua umri wa mnyama

Watu wengi hupenda kutumia vichanga wa siku mbili au tatu kwa sababu mifupa yao ni laini na haihitaji kutolewa kalsiamu. Kwa prestini, uamuzi huo ni wa hasara. Panya hawa huanza kusikia takribani siku ya 12 baada ya kuzaliwa, na kiwango cha prestini hupanda katika majuma mawili ya kwanza. Kwa kichanga wa siku mbili, mwanga hafifu si kosa la mtu, ndivyo mnyama alivyo.

Tumia panya wa majuma matatu hadi sita kwa jaribio la kwanza. Ikiwa ni wa kabila la C57BL/6, usimwache azeeke, kwani hubeba toleo la jeni la Cdh23 linaloandamana na kupotea kwa seli za vinyweleo za nje, kuanzia chini ya koklea kwenda juu. Mapengo katika safu za chini za panya wa miezi mingi huenda yakawa ya kweli, na hakuna kingamwili itakayoyajaza. Panya wa CBA/CaJ hustahimili zaidi.

Hatua ya 3: Toa koklea na uikaze papo hapo

Baada ya mnyama kufa kwa njia iliyoidhinishwa, pasua fuvu katikati, ondoa ubongo, na utoe mifupa miwili ya panja. Koklea inaonekana kama kikonokono cheupe chenye wekundu kidogo. Iweke katika PBS baridi.

Sasa kazi ifanyike haraka. Kwa ncha ya forsepu, ng'oa kikuku kutoka kwenye dirisha duaradufu, kisha utoboe utando wa dirisha duara. Mwisho, toboa tundu dogo kwenye kilele cha koklea. Chota parafomaldehaidi kwa pipeti yenye ncha nyembamba na uisukume taratibu kupitia moja ya madirisha hayo.

Sababu ya matundu matatu ni kwamba koklea imefungwa ndani ya mfupa mgumu kuliko mifupa mingi ya mwili. Ukiitumbukiza tu katika parafomaldehaidi, dawa huchelewa kufika ndani, na kabla haijafika seli za nje zimeshaanza kuvimba na kupasuka. Picha ya tishu iliyokazwa kwa kuchelewa huonyesha safu zilizopinda na seli zenye umbo la puto.

Dalili ya mafanikio huonekana papo hapo: unaposukuma dawa, tone dogo huchomoza kwenye tundu la kilele. Lisipochomoza, panua tundu kidogo na ujaribu tena, bila kuongeza nguvu ya kusukuma. Msukumo mkali huirarua ogani ya Corti, yaani tabaka lenye seli za vinyweleo, kutoka kwenye utando wake, na utakuja kulijua hilo siku tatu baadaye.

Baada ya hapo, iache koklea ndani ya parafomaldehaidi kwa saa 1 hadi 2 katika joto la chumba, huku ikitikiswa polepole. Usiiache usiku kucha kwa kudhani kwamba muda mrefu ni usalama. Parafomaldehaidi hufunga protini kwa viungo vya kemikali, na viungo vikizidi hufunika mahali ambapo kingamwili ingeshika. Pia huongeza mng'ao wa asili wa tishu. Picha nyingi za aina ya kwanza, zile nyeusi tupu, zinaanzia hapa.

Osha mara tatu kwa PBS, dakika 10 kila mara.

Hatua ya 4: Toa kalsiamu kwenye mfupa

Tumbukiza koklea katika EDTA, angalau mililita 10 kwa kila moja, ukiibadilisha kila siku. Kwa panya aliyekomaa, siku 2 hadi 4 zinatosha. Joto la chumba huharakisha, ilhali jokofu huhifadhi antijeni (sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili) vizuri zaidi. Mimi huchagua jokofu na kusubiri siku moja zaidi.

Usitumie asidi ili kufupisha muda. Asidi humaliza mfupa kwa saa chache, lakini hubadilisha maumbo ya protini nyingi, na ukishapata picha mbaya hutajua kama tatizo ni asidi au kingamwili.

Ili kujua kama mfupa uko tayari, ubonyeze kwa upole kwa ubavu wa forsepu. Mfupa uliokamilika hunepa kama gegedu na kurudi, na chini ya hadubini hauna tena weupe wa chokaa. Mizunguko ya ndani huonekana kama kivuli. Ukisikia mkwaruzo, urudishe kwenye EDTA. Ukiuacha juma zima, tishu hulegea na kukatika vibaya wakati wa kupasua.

Hatua ya 5: Pasua na utenganishe mizunguko

Hapa ndipo mikono inapojifunza, na ni haki kutarajia kuharibu koklea tano au sita za mwanzo. Zitumie bila majuto kabla ya kugusa sampuli zenye thamani.

Kata koklea katika nusu mbili kupitia mhimili wake wa kati, au ondoa mfupa wa nje kidogokidogo kuanzia kileleni. Kisha tenganisha sehemu tatu: kilele, kati na chini. Katika kila kipande, ondoa ukuta wa pembeni, ondoa utando mwembamba wa Reissner, na mwisho uvute utando wa tektoria kwa ncha ya forsepu. Utando huu wa mwisho ni kama jeli angavu inayolala juu ya seli za vinyweleo. Ukibaki, kingamwili huchelewa kupenya na picha huwa na ukungu.

Weka kila sehemu katika kisima chake, na uandike kwenye kifuniko na pia kwenye daftari. Sehemu ya chini husikia sauti za juu na ya kilele husikia sauti nzito. Vipande vikichanganyika, huwezi tena kusema lolote kuhusu mahali.

Onyo dogo ambalo halimo katika vitabu: usivute vipande kwa ncha ya plastiki isiyolowanishwa. Kipande chenye urefu wa milimita mbili hunata ndani ya ncha kama ganda la kitunguu, nawe utaendelea kuosha kisima kitupu kwa siku mbili. Kata mwisho wa ncha ili iwe pana, na uilowanishe kwa mchanganyiko wenye Triton kabla ya kuvuta. Afadhali zaidi, acha kipande kisimani na ubadilishe vimiminika tu, ukitazama chini ya hadubini.

Hatua ya 6: Fungua utando na uzibe nafasi zisizohusika

Kwa tishu ya panya aliyekomaa, anza na kugandisha na kuyeyusha. Loweka vipande katika sukrosi ya asilimia 30 kwa dakika 20, weka sahani juu ya barafu kavu hadi vigande kabisa, kisha uviache viyeyuke katika joto la chumba. Fuwele ndogo za barafu hutoboa tando, na sukrosi huzuia zisiwe kubwa kiasi cha kupasua seli. Hatua hii si ya lazima, lakini kwangu imeokoa majaribio mengi ambayo yangekuwa na mwanga pembezoni tu.

Kisha loweka vipande kwa saa 1 katika PBS yenye Triton ya asilimia 0.3 hadi 1 na seramu ya punda ya asilimia 5 hadi 10. Anza na Triton ya asilimia 0.5. Seramu hujaza sehemu zinazonata ovyo, ili kingamwili ibaki na mahali pamoja tu pa kushika.

Hatua ya 7: Weka kingamwili ya kwanza

Usiamini mzimuo (kiwango cha kupunguza ukali wa kingamwili kwa kimiminika) mmoja ulioandikwa kwenye karatasi. Katika jaribio la kwanza, andaa mizimuo mitatu, 1:200, 1:500 na 1:1000, kila mmoja ukiwa na kipande kutoka sehemu ileile ya koklea. Unachotafuta ni tofauti kubwa kati ya seli za nje na seli za ndani, na mzimuo unaotoa mwanga mkali kuliko yote si lazima uwe ndio unaotoa tofauti hiyo. Mara nyingi mzimuo wa kati hushinda.

Tumia mikrolita 150 hadi 200 kwa kila kisima ili kipande kizame, funga sahani kwa ukanda usiopitisha hewa, na uiweke kwenye jokofu usiku kucha huku ikitikiswa polepole. Kisima kikikauka ukingoni, kingamwili hujikusanya pale na kutoa mstari mkali ambao watu huudhania kuwa ni matokeo.

Katika hatua hiihii weka vidhibiti, wala visisubiri jaribio la pili. Vipo vya aina kadhaa, na havina uzito sawa.

Kisima kisicho na kingamwili ya kwanza ni cha lazima, lakini kinapima kingamwili ya pili peke yake. Hakisemi chochote kuhusu uaminifu wa ile ya kwanza, ingawa ndicho kidhibiti pekee kinachoonyeshwa katika picha nyingi. Kuizuia kingamwili kwa peptidi iliyotumika kuchanjia nako kuna udhaifu wake: huthibitisha kwamba kingamwili inashika peptidi hiyo, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka, lakini protini nyingine yenye kipande kinachofanana nayo itazimika vilevile.

Kidhibiti chenye nguvu kuliko vyote ni tishu ya panya aliyeondolewa jeni la Slc26a5, ndilo jeni la prestini. Mwanga ukibaki pale ambapo protini haipo, mjadala umekwisha. Ukitumia panya huyo, ongeza kingamwili dhidi ya miosini 7a kutoka kwa mnyama tofauti, kwa kuwa panya asiye na prestini anaweza kuwa amepoteza baadhi ya seli za nje, na weusi wa picha usidhaniwe kuwa ni kukosekana kwa protini kumbe ni kukosekana kwa seli. Asiyeweza kumpata panya huyo anaweza kutumia seli za maabara zilizopewa jeni la prestini, zikipangwa kando ya seli zilezile zisizopewa.

Na kidhibiti cha bure, kilichomo katika kila kipande, ni seli za vinyweleo za ndani.

Hatua ya 8: Osha, kisha weka kingamwili ya pili

Osha mara tatu kwa PBS, dakika 15 kila mara. Usifupishe, kwa sababu kipande kizima huachia kingamwili iliyobaki polepole kuliko tabaka nyembamba.

Weka kingamwili ya pili kwa mzimuo wa 1:500, pamoja na faloidini, kwa saa 1 hadi 2 katika giza. Kabla ya kuimimina, izungushe kwenye sentrifuji kwa dakika 10 na uchote sehemu ya juu ili kuacha mabonge chini. Ongeza DAPI katika dakika 10 za mwisho, kisha osha tena mara tatu.

Kama faloidini haionyeshi kitu kabisa, chunguza chupa ya parafomaldehaidi. Methanoli iliyomo katika baadhi ya chupa za formalini huvunja mpangilio wa aktini, na faloidini hukosa pa kushika. Kwa hiyo faloidini inakupa habari za ukazaji wako pia, mbali na kuonyesha safu.

Hatua ya 9: Tandaza juu ya slaidi

Weka tone la kimiminika cha kufungia, telezesha kipande juu yake, na uhakikishe kwamba upande wenye vinyweleo unatazama juu. Ili kuujua upande huo, kitazame chini ya hadubini ya kupasulia huku ukisogeza mwanga wa pembeni: safu za seli humeta kama mishono ya uzi ukingoni mwa kitambaa, na upande wa chini ni laini usio na mistari. Kipande kilichogeuka bado kinaweza kupigwa picha, lakini mwanga utapita katika utando na seli tegemezi kabla ya kufika unapotaka.

Weka kioo cha kufunikia bila kukandamiza. Vipande vya ukanda mwembamba pembeni mwa slaidi vitasaidia kukiinua kidogo. Acha slaidi katika giza hadi kimiminika kikaze.

Hatua ya 10: Piga picha na uisome

Anza na lenzi ya 20 na njia ya faloidini peke yake. Tafuta safu moja ya seli za ndani na safu tatu za seli za nje zenye vinyweleo vilivyopangwa kama herufi V. Ukishazipata, hamia lenzi ya mafuta.

Rekebisha nguvu ya leza kwenye kipande chenye kingamwili zote mbili, ukihakikisha hakuna nukta iliyojaa kupita kiasi, kisha usiguse tena vipimo hivyo unapopiga vidhibiti. Kuongeza leza kwa kidhibiti "ili kuona kama kuna kitu" hukiondolea maana yake yote. Piga mfululizo wa tabaka kila mikromita 0.3 hadi 0.5, kuanzia juu ya vinyweleo hadi chini ya viini vya seli tegemezi.

Mafanikio yana sura mahususi. Ukitazama kutoka juu, katika tabaka lililo chini kidogo ya sahani ya vinyweleo (bamba la juu ya seli linaloshikilia vinyweleo), kila seli ya nje ni pete ya kijani yenye kitovu cheusi, na pete hizo zimejipanga safu tatu. Seli za ndani ni nyeusi. Ukiigeuza picha na kuitazama kutoka ubavuni, kijani kiko kwenye kuta mbili za seli kama reli, kikianzia chini ya sahani hiyo ya juu na kufifia karibu na kitako cha seli. Vinyweleo vyenyewe havina kijani. Aliyepata diski zilizojaa badala ya pete, atilie shaka ukazaji, au leza iliyozidi.

Picha ikikataa

Kama kila mahali ni peusi na faloidini iko sawa, anza kwa kuongeza Triton na kuingiza hatua ya kugandisha, kisha fupisha ukazaji. Badilisha jambo moja kwa kila jaribio.

Kama mwanga uko kwenye kingo za kipande tu, tatizo ni upenyaji. Hakikisha utando wa tektoria umetoka, na urefushe muda wa kingamwili ya kwanza hadi usiku mbili.

Kama seli za ndani zinang'aa sawa na za nje, mzimuo ni mzito mno au kingamwili inashika kitu kingine. Zimua mara mbili zaidi. Tofauti isipojitokeza hata hapo, iache kingamwili hiyo.

Kama mwanga uko kwenye ukuta wa pembeni au mfereji wa nje kuliko kwenye seli za nje, rudi kwenye ule ulinganisho na pendrini.

Kama viini vya seli zote ni kijani, karibu kila mara ni kingamwili ya pili au seramu isiyofaa, na kisima kisicho na kingamwili ya kwanza kitathibitisha hilo kwa kung'aa vilevile.

Uthibitisho wa pili kwa ukanda wa protini

Baadhi ya wahakiki hudai picha ya ukanda baada ya protini kutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli (Western blot). Kosa linalorudiwa hapa ni kuchemsha sampuli. Prestini hupita katika utando mara 14, na protini za namna hii zikichemshwa hugandamana na kukwama juu ya jeli. Badala yake, pasha sampuli kwa nyuzijoto 37 kwa dakika 30 katika bufa yenye sabuni kali ya SDS. Changanya koklea kadhaa, kwa sababu panya mmoja ana seli za nje chache mno: koklea yake moja ina seli za vinyweleo takribani 3,000 tu, za ndani zikihesabiwa pamoja.

Uzito unaokokotolewa kutoka asidi amino ni takribani kilodaltoni 81, lakini usishtuke ukanda ukikaa juu zaidi, kwa kuwa prestini hubandikwa sukari, na protini za utando mara nyingi hazitembei katika jeli kulingana na uzito wao. Ukanda wa pili ulio juu sana unaweza kuwa jozi za prestini zilizoshikana. Pakia ini la panya huyohuyo katika mfereji wa jirani wa jeli, kwa kiasi kilekile cha protini. Ukanda ukijitokeza kwa nguvu ileile kwenye ini, huo si wa prestini, hata kama uzito wake unalingana na unaotarajiwa.